Sikumtukana Baba wa Watu, Nilikuwa Nasifu Tunda

Naomba niwahi kabla ile sauti haijafika Tanga kwa mama yangu: sikuomba kumpasua mtu tumbo. Niliomba kumenya tunda. Kisu kilikuwa mkononi, kweli. Mzee wa watu alikuwa mbele yangu, kweli. Na tumbo lilikuwepo, hilo hata nikilikana haitasaidia maana familia nzima ililiona. Ila nia yangu ilikuwa safi kama maji ya mtungini.

Sauti ninayoisema ni ile ya dakika 4 inayozunguka tangu juzi kwenye kundi letu la wanafunzi wa Afrika Mashariki tulioko huku Korea Kusini. Karekodi dada mmoja wa Mombasa, ambaye mpaka juzi hiyo nilikuwa nampikia pilau. Dakika nzima ya kwanza ni kicheko. Halafu ndiyo anaanza: "Jamani, Mtanzania kashika kisu, kamwambia baba wa watu, tumbo lako kubwa kuliko yote hapa mjini, nikupunguzie?" Nimeisikiliza mara tatu nikitafuta uongo nimkamate nao. Uongo haumo. Kilichopungua ni maelezo, na ndiyo haya.

(Binamu yangu wa Muheza, hivyo vikaragosi vya daktari wa upasuaji unavyonitumia, nimeviona. Mungu anakuona.)

Mwenzangu wa chumba ni Mkorea. Kwao ni Naju, nusu saa na kitu kwa basi kutoka hapa Gwangju, na wazazi wake wana shamba la mapeasi. Ukimtajia Mkorea Naju, anakujibu mapeasi, kama vile ukitaja Muheza mtu anavyokujibu machungwa. Na nikisema peasi usiniletee pera. Pera ni lile letu la mbegu zinazonasa kwenye meno. Wala si yale mapeasi ya Lushoto yenye kiuno. La huku ni duara kama mpira, rangi ya kahawia inayong'aa, ngozi ina vidoadoa, na kubwa kiasi kwamba mkono mmoja haulitoshi. Ukiling'ata linalia kachu, maji yanatiririka mpaka kiwikoni. Hata nyama ya bulgogi wanailainishia kwa peasi la kusaga.

Tunda hilo linaitwa *bae*.

Tumbo nalo linaitwa *bae*.

Chombo cha baharini, kuanzia mtumbwi hadi meli ya mizigo, nacho *bae*.

Mnaona tunakoelekea. Mimi sikuona, na sababu ni kiburi. Siku mwalimu wetu wa lugha alipotuandikia ubaoni ile sentensi ya mtu aliyekula *bae*, akapanda *bae*, kisha *bae* ikamuuma, darasa zima lilishika kichwa. Mimi nikainua mkono nikamwambia: mwalimu, kwetu paa yuko juu ya paa na akitaka anapaa. Kwetu taa inawaka ukutani na taa mwingine anaogelea. Mtoto wa pwani hatishwi na *bae*. Mwalimu akacheka, akaniambia nina moyo. Laiti angeniambia nina kichwa.

Sasa shika na hili la pili, maana bila hili kesi yangu haieleweki. Wakorea wana heshima ya kusema, na wanaiweka ndani ya kitenzi. Mtu wa kawaida akiwa mkubwa unasema *keoyo*. Mzee akiwa mkubwa unachomeka kijisilabi *si* katikati, inatoka *keuseyo*. Na heshima hiyo haiishii kwa mzee mwenyewe, inateremka mpaka kwenye vilivyo vyake: masikio yake, nywele zake, miguu yake. Babu akiwa na masikio makubwa, ukimtaja unayapa masikio ile *si*, kana kwamba masikio nayo yameshuka garini na unayapokea mizigo. Mimi nililipenda somo hili kuliko yote. Nimelelewa kwa shikamoo, nimechapwa kwa kumpa mgeni kikombe kwa mkono wa kushoto. Huku ukimpa mzee kitu unatumia mikono miwili. Nikasema, hii ni nyumbani.

Kwa hiyo kwenye basi la kwenda Naju, kwa wazazi wa mwenzangu, kula nao Chuseok, sikukuu yao ya mavuno, nikatoa daftari nikaandaa sentensi ya kumsifia baba mwenye nyumba mapeasi yake. Nikaandika: "Abeonim, bae-ga jeongmal keuseyo." *Abeonim* ni baba, kwa heshima, ndivyo unavyomwita baba wa rafiki yako. *Jeongmal* ni kweli kweli. Na pale mwisho nikaweka *si* yangu, safi, kwa sababu mapeasi ni ya mzee, na mzee anaheshimiwa. Nikamsomea dada wa Mombasa. Akasema, "Safi kabisa, hapo umemaliza." Naomba hilo liandikwe. Anayerekodi sauti leo ndiye aliyepitisha hati ya mashtaka.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri kiasi cha kutia shaka. Abeonim alitupeleka Yeongsanpo, bandari ya zamani ya mtoni, akatuonyesha *dotbae* zao, vyombo vya tanga la rangi ya udongo wa manjano. Mimi mtu wa Tanga nikaonyeshwa tanga, nikapiga picha thelathini. Pale pale Yeongsanpo ndipo wanapouza taa aliyevundikwa, *hongeo*, yule samaki anayenuka amonia mpaka macho yanatoa machozi kabla hujafungua mdomo. Nilikula kipande. Sitaki kulizungumzia.

Usiku tukafinyanga *songpyeon*, vile vitumbua vidogo vya unga wa mchele vinavyopikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Vyangu vilifanana na masikio. Eomeonim, mama mwenye nyumba, akavisifu. Nililala nikijua nimepata wazazi wa pili.

Asubuhi ya Chuseok, siku ya 15 ya mwezi wa 8 kwa kalenda ya mwezi, familia ikapanga meza ya kuwakumbuka waliotangulia: tende zao za Kikorea, karanga kubwa za msitu, mapeasi, matunda ya *gam* ya rangi ya chungwa, kila kimoja na mahali pake. Wakainama, tukanyamaza. Kisha chakula kikateremshwa tukakaa kula, sakafuni, meza fupi. Upande mmoja Halmeoni, bibi wa miaka themanini na kitu. Upande wa pili Eomeonim na kisu kidogo, anamenya peasi ganda likining'inia kamba moja ndefu bila kukatika. Kuna mtoto wa dada yake Abeonim, mvulana wa darasa la pili, huyo mkumbukeni. Na mbele yangu, uso kwa uso, Abeonim.

Nimweleze Abeonim kwa adabu. Ni mtu mfupi, mpana, mwenye mikono ya kazi na sauti ya chini. Ana tumbo. Si kitambi cha kusingizia shati limebana. Ni tumbo lililokaa mapajani kwake kama mgeni wa heshima aliyepewa kiti cha mbele. Na mezani, mbele kabisa ya tumbo hilo, kwa mstari ulionyooka ambao fundi seremala angeusifu, palikuwa na peasi kubwa kuliko yote waliyovuna.

Nikaona muda umefika. Nikaweka vijiti chini. Nikakaa sawa. Kunyooshea kitu kidole mbele ya wazee si adabu, kwa hiyo nikatanguliza mikono yote miwili, viganja juu, kuelekea lile peasi. Kuelekea huko huko, yaani.

"Abeonim," nikasema, kwa sauti ya mtu anayesoma hotuba, "bae-ga jeongmal keuseyo!"

Kimya.

Vijiti vya mtu fulani vikagonga bakuli, ting. Abeonim akainamisha macho polepole, akajitazama. Akainua macho, akanitazama mimi. Mimi nikatabasamu. Nilidhani amezidiwa na furaha. Wazee wa kwetu nao ukiwasifia mazao yao wananyamaza hivyo hivyo.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaona labda hajanisikia vizuri, lafudhi yangu pengine, nikarudia kwa sauti zaidi, na safari hii mikono ikachora umbo hewani, duara, pana, huku nikiongeza nyama: "Naju-eseo jeil keuseyo!" Kubwa kuliko yote Naju.

Abeonim akavuta pumzi. Niliona kwa macho yangu: kifua kikapanda, tumbo likarudi nyuma kama vidole vinne hivi, na akalishika pale, hapumui. Jamani, yule baba alikuwa anabana tumbo. Alikuwa anajitahidi kwa ajili yangu. Na mimi, mtoto wa mama yangu, nikasema moyoni: ona alivyoguswa.

Mwenzangu wa chumba alikuwa jikoni. Dada wa Mombasa alikuwa kanyamaza, naye anakula. Eomeonim akauma mdomo, akaweka kisu mezani, akageuza uso ukutani, mabega yanatikisika. Nikadhani amechoka. Kamenya tangu alfajiri, maskini, na mgeni gani huyu nisiyesaidia kazi? Nikakichukua kile kisu. Nikakifuta kwa kitambaa, taratibu, upande huu na upande huu. Nikamgeukia Abeonim, ambaye bado hajapumua, na kwa heshima yangu yote iliyobaki nikauliza:

"Abeonim, bae-reul kkakka deurilkkayo?"

Baba, nikumenyee *bae*?

Simamisheni picha hapo. Mimi na kisu, yeye na pumzi yake. Tukae hapa kidogo maana kuna mambo mawili matatu ya kuelewa, na huko mbele hakunifurahishi kiasi cha kukimbilia.

Kwanza *kkakka*. Ni kumenya tunda, ndiyo. Ni kunyoa nywele pia. Na ni kupunguza bei: neno la kwanza lenye faida nililojifunza nchi hii ni *kkakka juseyo*, nipunguzie, sokoni. Kwa hiyo mzee aliyeambiwa mara mbili kwamba *bae* yake imezidi, halafu anaona kisu kinafutwa, halafu anaulizwa kama *bae* ipunguzwe, mimi ni nani nimlaumu?

Pili, *bae* lenyewe. Usiku ule sikupata usingizi, nikalala na kamusi kumtafuta mchawi wangu. Nilitarajia kuna hadithi: labda peasi limeitwa tumbo kwa sababu ya umbo, labda meli imeitwa tumbo kwa sababu inabeba. Hakuna. Ni maneno matatu ya Kikorea chenyewe, kila moja na mji wake, hayana undugu hata wa kuoleana. Yamekutana tu kwenye sauti, kama paa wetu. Mfalme Sejong alipokamilisha herufi zao mwaka 1443, akazitangaza 1446, maneno hayo yaliandikwa kwa irabu nyingine iliyokuwa na nukta, na ilikuwa irabu mbili zilizoungana, si *ae* ya leo. Na enzi hizo Kikorea kilikuwa na mpando na mshuko wa sauti, mpaka wakawa wanaandika nukta kushoto kwa silabi: bila nukta, sauti ya chini, nukta moja, ya juu, nukta mbili, inapanda. Yaani kulikuwa na alama za barabarani! Halafu sauti hizo zikafa Seoul na huku magharibi, ile irabu ya nukta ikafutwa kwenye tahajia rasmi mwaka 1933, na leo hata *ae* na *e* wengi hawazitofautishi tena, ndiyo maana kitambaa cha katani, *be*, nacho kinasikika hivyo hivyo. Wamebomoa uzio wote halafu mgeni akiingia shambani wanashangaa.

Waliobaki na mpando wa sauti huku Kusini ni hasa watu wa Gyeongsang, kule Busan na Daegu, wale wanaoweza kusema *ga-ga ga-ga* na ikawa sentensi kamili: yule ndiye yule? Naju iko Jeolla, upande wa pili. Bahati yangu.

Na bado sijagusa yaliyotoka Kichina. *Bae* ya mara mbili, kwenye hesabu. *Bae* ya kikombe, ile iliyo ndani ya *geonbae* wanapogonganisha glasi, maana yake kausha kikombe. *Bae* ya kuinama kwa heshima, ile wanayowafanyia wazee mwaka mpya, *sebae*. Kuna hadi watu wa ukoo wa Bae. Silabi moja hiyo. Na cha kuchekesha, kwenye maneno yao ya asili ya Kichina peasi si *bae* tena, ni *i*: kile chuo maarufu cha wanawake cha Seoul kilichoanza mwaka 1886, Ewha, jina lake ni maua ya mpeasi. Ningesema *i* pale mezani... basi, *i* nayo ni jino. Na mbili. Na chawa. Mungu alinipenda nikasema *bae*.

Lakini ngojeni, kesi yangu haikuharibiwa na *bae*. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mwenzangu wa chumba aliniambia baadaye gizani, kitanda chake kikitikisika kwa kicheko: ningesema *keoyo* ya kawaida, peasi likiwa pale mezani, baba angewaza kidogo akaelewa tunda. Kilichofunga mlango ni ile *si*. Viungo vya mwili wa mzee vinaheshimiwa. Tunda haliheshimiwi. Hakuna Mkorea anayelipa peasi shikamoo. Nilipochomeka heshima pale, nilikuwa nimetaja tumbo, rasmi, bila shaka yoyote, na kwa adabu kubwa. Mwanangu mimi, nimeponzwa na malezi.

Haya, picha iendelee. Mnisamehe, mkono umeshachoka kushika hicho kisu.

Aliyevunja kimya ni yule mvulana wa darasa la pili. Hakucheka kwanza. Aliinuka, akatembea mpaka kwa mjomba wake, akaweka mikono miwili juu ya lile tumbo kulikinga, akanigeukia akasema kwa sauti ya hakimu: "Andwaeyo." Haiwezekani.

Hapo nyumba ikaanguka. Halmeoni akajipiga gotini, "Ome! Ome!", ile ome yao ya Jeolla ambayo ukifumba macho unamsikia bibi wa Pangani kabisa. Eomeonim kalala ubavu. Mwenzangu wa chumba katoka mbio jikoni na mwiko. Dada wa Mombasa, sasa hivi ndipo kaelewa, akaanza kunifafanulia mimi kwa Kiswahili, mwenzangu anamfafanulia baba yake, mtoto anamfafanulia kila mtu, wote pamoja. Wakorea wana methali, manahodha wakizidi *bae* hupanda mlimani. Sisi chombo chetu huenda mrama tu, baharini humo humo. Chao siku ile kilifika kileleni na kikatia nanga.

Nami nikaelewa. Haikuja yote kwa mkupuo. Ilikuja neno moja moja, kwa kurudi nyuma: *kkakka*, alaa. *Naju-eseo jeil*, alaa. *Keuseyo*. Na ile mikono niliyochorea duara. Nikaona uso wangu unawaka kuanzia shingoni. Kisu bado ninacho. Nikapiga kelele, "Aniyo! Meongneun bae! Meongneun bae!" Hapana, *bae* ya kula, *bae* ya kula!

Abeonim akaachia pumzi. Tumbo likarudi mahali pake. "Ah," akasema. "Meongneun bae." Akanyoosha mkono, taratibu kama unavyomnyang'anya mtoto mkasi, akakitoa kisu mkononi mwangu, akakisukuma mpaka upande wa mkewe. Hakucheka. Hicho ndicho kilichoniua: hakucheka.

Kwa hiyo nikaamua kula. Mtu aliyeaibika ugenini ana silaha moja tu, kusafisha sahani. Nikapewa peasi, nikala. Nikaongezewa, nikala. *Songpyeon* za umbo la masikio, hakuna aliyezitaka, nikazimaliza mwenyewe. Vipande vya samaki na maboga vya kukaanga. Peasi tena. Kila aliponitazama Abeonim nilitia kipande mdomoni kama ushahidi kwamba hili, hili hapa, ndilo nililokuwa nasema.

Saa sita hivi akaingia sachon, binamu wa mwenzangu, kapendeza, kabeba boksi la zawadi. Akawainamia wazee, akakaa, na baada ya chai akatoa habari: amenunua ardhi. Kipande kizuri, si mbali na pale. Wakapiga makofi. Halmeoni akamshika mkono. Mimi nilikuwa kona, nimekunja magoti, tumbo linanguruma kama daladala inayopanda Lushoto. Halmeoni akaniona ninavyojipinda. Akauliza kwa upole, unaumwa wapi?

Na mimi, jamani, nilifurahi. Maana safari hii nilikuwa na hakika. Safari hii *bae* ni tumbo, langu mwenyewe, halihitaji *si* wala nini, sentensi ya ubaoni ile ile ya mwalimu. Nikasema wazi, chumba kizima kinisikie nilivyo fasaha:

"Bae-ga apayo."

Kama hamjui, mimi pia sikuwa najua. Wakorea wana methali moja ambayo hakuna asiyeijua kuanzia chekechea: sachon akinunua ardhi, *bae* inauma. Yaani wivu. Binamu kapata shamba, wewe tumbo linakukata.

Sachon alikuwa bado ameshika kikombe. Chai ilimtoka puani.

Mwenzangu wa chumba alikwenda kulia barazani. Halmeoni akawa anasema huku anafuta machozi kwamba mwacheni mtoto wa watu, ni kunguru kuruka na *bae* kuanguka, methali nyingine hiyo, ya mtu anayesingiziwa kwa sababu mambo mawili yametokea pamoja. *Bae* ya humo ni peasi, nilihakikisha baadaye. Ila pale pale nilisikia *bae* tu, nikashika tumbo langu nikidhani nalo linaanguka, na wakaniona nimelishika, basi wakaanza upya.

Na Abeonim akacheka. Hatimaye. Alianza bila sauti, mabega kwanza, kisha lile tumbo lenyewe likaanza kuruka juu ya mapaja, mpaka yule mvulana akalishika tena lisije likaondoka. Akanielekezea mikono miwili, viganja juu, kama nilivyomfanyia asubuhi, akasema, "Baejjang-eun nega deo keuda."

*Baejjang* ni ujasiri, ule wa tumboni. Akimaanisha: kwa ujasiri, wewe ndiye mwenye kubwa zaidi.

Mengine hayana maana. Nilipewa dawa ya tumbo, nikalala, jioni tukapanda basi, dada wa Mombasa akawa na simu mdomoni toka kituo cha Naju mpaka Gwangju, nikidhani anaongea na mchumba wake. Kumbe.

Jana mlinzi wa bweni kaniita, kuna mzigo. Boksi la kilo 7.5, mapeasi, kila moja limevalishwa soksi yake ya sponji. Juu ya boksi kuna maandishi ya kalamu nene, mkono wa mtu asiyeandika sana: 아버님 배. *Abeonim bae*. Na chini yake, kwa herufi ndogo: *kkakka deuseyo*. Menya ule.

Dada wa Mombasa ameshanitumia ujumbe kuuliza kama kweli nimeletewa mapeasi. Nimemjibu aje. Kisu ninacho.